Kutoka ligala hadi darasani: mazungumzo ya kila siku ya Bujumbura na kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Ndugu msomaji, anayetaka kujua jinsi Kiswahili kinavyoishi Bujumbura asianzie maktabani. Aende Buyenzi asubuhi, apite karibu na magereji ya mafundi wa magari, au asimame penye soko la Ruvumera, au akae kidogo na watu wanaosubiri bisi ya kwenda katikati ya mji. Hapo atasikia Kiswahili kikitumika kuulizana hali, kulalamikia bei, kubishania mpira na kupashana habari za nchi. Mahali pa kukaa na kuzungumza namna hiyo panaitwa ligala. Watu wa pwani wangesema baraza, na vijana wa Dar es Salaam wangesema kijiwe.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, Kiswahili hicho cha ligala kimetoka wapi. Pili, kinatofautiana vipi na Kiswahili sanifu tunachokifundisha, na kwa nini. Tatu, mwalimu afanye nini mwanafunzi anapoingia nacho darasani. Hili la tatu ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu tumewahi kukosea katika jambo hili, na kosa letu tutalisimulia mbele.

Kiswahili cha Bujumbura kimetoka wapi?

Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika Kiswahili kilifika kabla ya shule. Kililetwa na wafanyabiashara waliokuwa wakitoka Ujiji na kupita katika vijiji vya ziwani kama Rumonge. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, na askari, wapagazi na wachuuzi waliokusanyika hapo walielewana kwa Kiswahili. Mwaka 1912 makao ya utawala yalihamishiwa Gitega, lakini Usumbura ilibaki kuwa bandari na mji wa biashara. Wabelgiji walipokuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikikuta Kiswahili kimeshatia mizizi katika mji huo. Wakaazi Waswahili walipata mtaa wao, Buyenzi, na jirani yake ukakua mtaa wa Bwiza, ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la zamani la Belge.

Tukumbuke pia kwamba Waswahili wa Buyenzi walishiriki katika harakati za kupigania uhuru. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, alipata wafuasi wengi miongoni mwao. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, jina Usumbura likaachwa na mji ukaitwa Bujumbura.

Hata hivyo, nje ya mitaa hiyo Kiswahili hakikuheshimiwa sana. Katika Kirundi, kumwita mtu umuswahili mara nyingi ni kumwambia kwamba ni mjanja, mwongo, mtu asiyeaminika. Wengi wetu tuliokulia vilimani tulisikia onyo hilo tukiwa wadogo. Mzazi aliyetaka mtoto wake aendelee mbele alimhimiza ajifunze Kifaransa. Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya soko, ya madereva na ya watu wasio na shamba.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 2000. Maelfu mengi ya Warundi waliokuwa wakimbizi Tanzania walirudi nyumbani, na watoto wao walikuwa wamezoea Kiswahili cha Kigoma na Tabora. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika miaka hiyo hiyo Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka huo huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Leo mzazi yule yule aliyekuwa akimzuia mwanawe asiongee Kiswahili anatuuliza ni shule gani inakifundisha vizuri zaidi.

Kwa hiyo Kiswahili cha Bujumbura hakina sura moja. Kuna kile cha watoto wa Buyenzi waliokinyonya na maziwa ya mama. Kuna kile cha sokoni, kinachosemwa na mtu ambaye Kirundi ndicho lugha yake ya nyumbani. Kuna cha waliorudi kutoka Tanzania, na cha Wakongo wa Uvira ambao mpaka wao uko karibu tu, ukipita Gatumba. Na kuna kile cha shuleni. Katika ligala vyote hivi hukaa kwenye benchi moja.

Mfano wa mazungumzo

Ili tusizungumze hewani, tutoe mfano. Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga sisi wenyewe, lakini kila neno lililomo msomaji wa Bujumbura amewahi kulisikia. Tuseme ni asubuhi moja ya mwaka 2024, wakati mafuta ya magari yalipoadimika na watu wengi wakawa wanakwenda kazini kwa miguu. Wanaozungumza ni mzee fundi, mama anayeuza ndagala, na kijana mfanyakazi.

KIJANA: Muzehe, mumeamkaje?
MZEE: Tumeamka salama. Kwako?
KIJANA: Iko muzuri. Lakini bisi hakuna. Niko hapa tangu saa kumi na mbili.
MZEE: Esansi imekosa tena. Shofere wetu alirara kwenye mulongo, na hakupata.
MAMA: Na Leta inasema nini?
KIJANA: Ngo iko njiani.
MAMA: Njiani! Inakuwaka njiani kila siku. Na mimi bei ya ndagala imepanda, wateja wananigombeza, kama mimi ndiye niko na kisima cha esansi.
KIJANA: Mimi naenda kwa miguu. Niko na inama saa mbili.
MZEE: Saa mbili yetu ama ya Wazungu?
KIJANA: Yetu, muzehe. Ingekuwa ya Wazungu ningerudi kulala.

Mazungumzo haya ni mafupi, lakini ndani yake mna salamu, shida ya mji, habari za nchi, mzaha na heshima kwa mtu mzima. Mwanafunzi anayeweza kusema hivi amefika mbali katika lugha. Hebu sasa tuyachambue.

Matamshi

Kirundi hakitofautishi sauti za l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Ndiyo maana mzee anasema alirara mahali pa alilala. Katika maneno mengi jambo hili halileti matatizo, lakini kuna jozi zinazoweza kumpotosha msikilizaji: kula na kura, mahali na mahari. Mtu akitangaza kwamba watu wamekwenda kupiga kula, atachekwa, ingawa alichosema kinaeleweka.

Pili, Kirundi hakikubali m isiyofuatwa na irabu mbele ya konsonanti kama z au t. Umuntu hubaki na u yake. Hivyo mzuri huwa muzuri, mtu huwa mutu, na mlolongo wa watu huitwa mulongo, jambo linalochangiwa pia na neno la Kirundi umurongo. Tatu, sauti za th, dh na gh hazimo katika Kirundi. Thelathini husikika selasini, dhahabu husikika zahabu, ghali husikika gali. Hapa hatuna haja ya kujilaumu sana, kwa maana Waswahili wa sehemu nyingine nyingi za bara nao hutamka hivyo hivyo.

Msamiati

Maneno ya mjini yanatoka pande tatu: Kifaransa, Kirundi na Kiswahili chenyewe. Esansi na shofere ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Kwa Kiswahili sanifu tungesema petroli na dereva. Mwanafunzi hana budi kuyajua yote mawili, kwani akifika Mwanza akaomba esansi atatazamwa tu, na akisema petroli ligalani ataulizwa ametoka wapi.

Neno linalotupendeza zaidi kulifundishia ni Leta. Limetokana na Kifaransa l'État, nalo linatumika katika Kirundi na katika Kiswahili cha hapa kwa maana ya serikali. Mgeni kutoka Tanga akisikia Leta inasema nini atafikiri anaambiwa alete kitu. Tulipokwenda nchi jirani kusomea shahada ya uzamili, siku za mwanzo tuliwaambia wenzetu bwenini kwamba kule kwetu Leta ndiyo inayolipa walimu. Wakauliza: Leta ni nani? Ni mfanyabiashara? Tulicheka sote, lakini usiku ule tulianza kuandika daftari la maneno ya namna hiyo, na tunalo mpaka leo.

Katika daftari hilo limo inama. Kwa Kirundi inama ni mkutano au ushauri. Kwa Kiswahili inama ni amri ya kumwambia mtu apinde mgongo. Limo umuti, ambalo kwa Kirundi ni dawa, huku mti wa Kiswahili kwa Kirundi ni igiti. Limo ikibazo, ambalo kwa Kirundi ni swali na pia ni tatizo. Hivyo tunapata wanafunzi wanaoandika kwamba nchi ina maswali mengi ya uchumi, wakimaanisha matatizo. Limo ejo, ambalo kwa Kirundi ni jana na pia ni kesho, maana yake ikijulikana kwa wakati wa kitenzi. Anayeanza kujifunza Kiswahili huweza kuandika jana nitakwenda bila kuona kosa lolote.

Tuangalie pia esansi imekosa. Kwa Kiswahili sanifu tungesema imekosekana au imeadimika, maana anayekosa ni mtu, na kinachokosekana ni kitu. Katika Kirundi kitenzi kubura hufanya kazi zote mbili: mtu hubura kitu, na kitu nacho hubura. Kwa hiyo mzee hakukosea ovyo. Amefuata kanuni, ila kanuni yenyewe ni ya lugha nyingine.

Sarufi

Niko na na iko muzuri si za Bujumbura peke yake. Husikika Kongo mashariki, na niko na husikika hata Nairobi. Kwa Kiswahili sanifu ni nina na ni nzuri, au ni njema kama ni hali. Inakuwaka njiani ina kiambishi -ka mwishoni mwa kitenzi, nacho kinaonyesha jambo la mazoea. Kiambishi hiki kimeenea katika Kiswahili cha Kongo, na Mrundi hakioni kigeni kwa sababu Kirundi kina -aga katika vitenzi vya mazoea ya zamani, kama yavugaga, alikuwa akisema. Kiswahili sanifu hutumia hu-: huwa njiani kila siku.

Upatanisho wa wanyama nao huwasumbua wanafunzi wetu. Katika Kirundi imbwa, mbwa, hufuata upatanisho wa ngeli yake: imbwa iraruma. Mwanafunzi akitafsiri kichwani atasema mbwa inauma, ilhali Kiswahili sanifu humpa mnyama upatanisho wa kiumbe: mbwa anauma. Mwalimu akieleza kwa kulinganisha lugha mbili, kosa hili huondoka katika wiki chache. Akilipiga mstari mwekundu tu bila maelezo, mwanafunzi atamaliza chuo nalo.

Maamkizi na heshima

Kijana amemwambia mzee mmoja mumeamkaje, kwa wingi. Katika Kirundi huwezi kumwamkia mtu mzima kwa umoja. Unamwambia mwaramutse, nayo ni ya wingi. Kifaransa nacho kina tabia hiyo. Kwa hiyo Kiswahili cha Bujumbura kimechukua wingi wa heshima. Katika Tanzania heshima hiyo hubebwa zaidi na shikamoo, na anayeamkiwa hujibu marahaba, kisha mazungumzo huendelea kwa umoja bila ya mtu kukasirika. Mwanafunzi wetu akisikia kijana wa Kigoma akimwambia mzee umeamkaje, huona ni utovu wa adabu. Mtu wa Kigoma naye akiambiwa mumeamkaje huangalia nyuma kutafuta wenzake. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Ni njia mbili za kufika kwenye heshima, na mwanafunzi anapaswa kuzijua zote.

Saa nazo zinahitaji neno moja. Kirundi huhesabu saa kama Kiswahili: isaha zibiri ni saa mbili za asubuhi. Kifaransa kina hesabu yake. Mtu wa Bujumbura anayefanya kazi ofisini kwa Kifaransa na kurudi nyumbani kwa Kirundi huvuka mpaka huo mara nyingi kwa siku, na ndiyo maana swali la mzee, saa mbili yetu ama ya Wazungu, si mzaha mtupu.

Neno dogo lenye kazi kubwa: ngo

Mama alipouliza Leta inasema nini, kijana alijibu: Ngo iko njiani. Ngo ni neno la Kirundi linalotangulia maneno ya mtu mwingine. Anayelitumia anasema: hivi ndivyo nilivyosikia, mimi simo. Kiswahili kinayo maneno ya kazi hiyo, na ni mengi. Kuna eti, ambalo mara nyingi linabeba shaka au dharau. Kuna inasemekana, lisilotaja msemaji. Kuna nimesikia kwamba, linalomweka msemaji katikati. Kuna kwa mujibu wa, linalomtaja aliyesema. Na kuna imethibitishwa, linalofunga mjadala.

Ndugu msomaji, hapa somo la lugha linagusa maisha. Mji wetu umewahi kuumizwa na uvumi, ambao kwa Kirundi tunauita ibihuha. Mei 2015, vituo kadhaa vya redio binafsi viliposhambuliwa na kunyamaza, watu walibaki wakiulizana kwa simu na katika ligala, na kila habari ilifika ikiwa imeongezewa chumvi na kila mkono uliyoipitisha. Katika hali kama hiyo, tofauti ya eti wamekuja na imethibitishwa kwamba wamekuja inaweza kumfanya mtu abaki nyumbani kwake au akimbie usiku na watoto mgongoni.

Tunafundisha wakati uliopita, uliopo na ujao. Tunafundisha ngeli zote. Lakini ni mara ngapi tunamfundisha mwanafunzi kupima uzito wa habari kwa maneno ya Kiswahili? Kijana wa ligala anajua kazi ya ngo vizuri sana. Tumwonyeshe tu kwamba Kiswahili kina ngazi nzima mahali ambapo Kirundi kimempa neno moja.

Kosa letu

Sasa tusimulie kosa tulilolitaja mwanzoni. Ilikuwa muda si mrefu baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua, tarehe 27 Januari 2013. Tuliwaambia wanafunzi wazungumze kwa dakika tatu juu ya mji wetu. Binti mmoja wa Buyenzi alisimama bila karatasi. Alieleza jinsi wafanyabiashara walivyotawanyika kwenye masoko ya mitaa, jinsi mama yake alivyopata meza ndogo Ruvumera baada ya mali yake kuteketea, na jinsi wateja wa zamani walivyokuwa wakimtafuta kwa kuuliza mtaa kwa mtaa. Wenzake walinyamaza wakimsikiliza.

Sisi hatukusikiliza. Tulimkatiza: si muzuri, ni mzuri. Tukamkatiza: si niko na, ni nina. Tukamkatiza tena kwenye inakuwaka, na hapo darasa likacheka. Mwishoni tukamwambia maneno ambayo tunatamani tungeyameza: Kiswahili chako ni cha mitaani. Alikaa chini. Mwaka ule hakuinua mkono tena. Kwenye mtihani wa kuongea alijibu ndiyo, hapana na sijui. Mwenzake aliyetoka kijijini, ambaye alikariri hotuba ya ukurasa mmoja na kuisoma kichwani bila kukosea ngeli, alipata alama za juu.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda Ruvumera kununua kitambaa. Tulimkuta pale mezani kwa mama yake. Mteja mmoja alikuwa Mkongo, na yule binti alimwambia bintu bimepanda, kama wanavyosema kwao. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa Kigoma, akamwambia vitu vimepanda bei, kaka yangu, sitakudanganya. Kwa mama mmoja wa mjini alihamia Kirundi, na namba akazitaja kwa Kifaransa. Hakukosea hata mara moja nani aambiwe nini. Tulipomsifu alituamkia kwa heshima, akasema: Mwalimu, hapa hakuna anayecheka.

Tulilipa kitambaa, tukaondoka. Uwezo ule wa kuhama kutoka Kiswahili kimoja hadi kingine kufuatana na msikilizaji, ambao sisi huutumia mihula kadhaa kuufundisha, yeye alikuwa nao tangu utotoni. Sisi tuliufunga mdomo kwa dakika tatu.

Tufanye nini darasani?

Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe. Mwanafunzi wetu anataka kuwa mwalimu, mtangazaji, mfasiri au mtumishi wa Jumuiya kule Arusha, na huko atapimwa kwa Kiswahili sanifu. Kumwacha na niko na peke yake ni kumnyima riziki. Lakini kumnyang'anya niko na kabla hajashika nina ni kumwacha bila lugha yoyote. Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wenzetu mambo yafuatayo, ambayo tumeyajaribu wenyewe tangu wakati ule.

Kwanza, mwanafunzi amalize kusema ndipo asahihishwe. Mwalimu aandike pembeni, kisha achague mambo mawili au matatu tu. Mwenye kusahihishwa mambo kumi kwa mara moja hakumbuki hata moja.

Pili, tusahihishe kwa mpangilio. Tuanze na yale yanayopotosha maana, kama inama, swali na tatizo, jana na kesho. Yafuate ya sarufi, kama upatanisho na mazoea ya -ka. Matamshi ya gali na selasini yaje mwisho, nayo yasahihishwe kwa upole.

Tatu, kila mwanafunzi awe na daftari lenye safu mbili: ligalani tunasema, na kwenye taarifa ya habari husemwa. Leta upande mmoja, serikali upande wa pili. Mulongo na foleni. Esansi na petroli. Safu ya kwanza isiitwe makosa.

Nne, tutumie taarifa ya habari ya Kiswahili ya redio ya taifa. Wanafunzi waisikilize, kisha mmoja aisimulie kama mtu wa ligala, na mwingine aisimulie kwa mgeni kutoka Zanzibar. Darasa liamue kama habari imebaki ile ile. Zoezi hili linafaa pia kwa mpira. Vijana wetu wanawafuatilia Yanga na Simba, wanakumbuka vizuri mabao ya Amissi Tambwe na Saidi Ntibazonkiza, Warundi waliocheza katika klabu zote mbili, na msamiati wa mchezo wanaupata kwa watangazaji wa Tanzania bila sisi kuwafundisha.

Tano, tuwe waangalifu na habari za siasa. Ligalani mtu huchagua anayekaa naye, darasani hachagui. Baadhi ya wanafunzi wana sababu za kifamilia za kunyamaza, na hawalazimiki kutueleza. Tusimtake mwanafunzi aseme yuko upande gani. Tumtake aeleze habari imetoka kwa nani na ina uhakika kiasi gani. Hapo ndipo ngazi ile ya eti, inasemekana na kwa mujibu wa inapofanya kazi yake.

Sita, wageni wapewe nafasi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mpaka wakikimbia vita, na watoto wao wengi wanazungumza Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo akiingia darasani na bintu yake, mwalimu aliyesoma makala haya asimwambie kwamba Kiswahili chake ni cha mitaani.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili cha ligala kina historia, kina kanuni na kina adabu zake. Tofauti zake na Kiswahili sanifu zinaelezeka, na nyingi zinatokana na Kirundi, Kifaransa na ujirani wetu na Kongo. Mwalimu anayezijua sababu hizo anaweza kumvusha mwanafunzi bila kumdhalilisha.

Wanafunzi wetu nao tunawaomba jambo moja. Wiki hii kaeni nusu saa katika ligala ya mtaa wenu, iwe Buyenzi, Bwiza, Kamenge au Musaga. Sikilizeni. Andikeni maneno kumi, na mbele ya kila neno andikeni mngemwambiaje mtu wa Tanga. Mje nayo darasani siku ya somo la mazungumzo, nasi tutaleta daftari letu. Na yeyote atakayesimama kusema, tumekubaliana, ataachwa amalize.